Pikipiki ya Stima: Tuulize Kwanza Itachajiwa Wapi



Katika kuzunguka kwetu upande wa Sosiot tulikuta kikundi cha vijana wa boda boda kikiwa tayari kutoa akiba yake ya miaka miwili kununua pikipiki za stima. Walikuwa wameambiwa kwamba hazinywi petroli wala hazihitaji oili ya injini. Hayo ni kweli. Sisi tuliwauliza swali moja tu: betri zitachajiwa wapi? Hakuna aliyekuwa na jibu.

Sisi wa nchi ya chai tunalielewa jambo hili. Unaweza kuchuma majani mazuri, lakini kituo cha kununulia kikiwa mbali, yanakunyaukia kikapuni. Pikipiki ya stima ni vivyo hivyo. Isipokuwa na mahali pa kuchaji, ni mzigo wa mkopo tu.

Njia ziko tatu.

1. Kubadilisha betri. Unaacha betri iliyokwisha na kuchukua iliyojaa, kwa dakika chache tu. Kampuni kama Ampersand na Spiro hufanya kazi hivi. Bei ya kununua pikipiki hupungua kwa sababu betri inabaki kuwa mali ya kampuni. Lakini mara nyingi huwezi kuichaji kwako, kwa hiyo unategemea vituo vyao peke yake. Kwa hiyo, kabla ya kutia sahihi, hakikisheni kituo kiko karibu na stendi yenu.

2. Kuchaji nyumbani. Hapa betri ni yako, nayo inatumia soketi ya kawaida. Chaja ya wati 800 hujaza betri ya uniti 3 kwa saa 4 hivi. Inafaa kwa anayelaza pikipiki usiku. Lakini stima ikipotea usiku kucha, asubuhi hakuna kazi. Tena msichaji chumba cha kulala, wala mahali penye maji, wala kwa nyaya za kuungaunga.

3. Kituo cha kikundi. Chama kinakodi chumba karibu na stendi na kuweka chaja kadhaa. Angalieni hesabu: chaja 5 za wati 800 zikiwaka pamoja ni wati 4,000. Huo ni mzigo mkubwa kwa nyumba ya kawaida. Lazima fundi mwenye leseni akague nyaya kwanza.

Kuhusu bei, mwaka 2023 serikali kupitia EPRA iliweka bei maalum ya stima ya kuchaji magari na pikipiki, kwa kipindi cha hadi 2026: shilingi 16 kwa uniti, na shilingi 8 wakati ambapo matumizi ya stima ni madogo, kabla ya kodi na ada nyingine. Kwa betri ya uniti 3, hiyo ni shilingi 48 au 24. Ni bei ya mita ya kazi hiyo, wala si mita ya nyumbani. Nendeni ofisi ya Kenya Power iliyo Kericho mkaulize bei ya sasa, na kama kituo chenu kinaweza kuipata.

Jambo la mwisho ni milima yetu. Muuzaji akisema betri inakwenda kilomita fulani, mara nyingi anasema juu ya barabara tambarare na mtu mmoja. Ukipanda na abiria wawili, au gunia la mbolea, kwenye matope, umbali unapungua. Ombeni kujaribu pikipiki kwa siku nzima katika njia zenu wenyewe, mkiandika kilomita.

Wale vijana hawakuacha mpango wao. Waliahirisha kununua, wakatuma wawili kwenda kuuliza. Tunaona walifanya vyema, maana akiba ya miaka miwili hairudi kwa siku moja.

Maswali ya kujadili kikundini:
- Betri itakuwa ya nani, yetu au ya kampuni?
- Kutoka stendi yetu hadi mahali pa kuchaji ni kilomita ngapi?
- Stima ikipotea siku mbili, mkopo utalipwaje?
- Betri ikichoka, mpya ni bei gani, na nani atalipa?

Kama hamna jibu la maswali haya yote, fedha zikae benki kwanza.