Hukumu ya Sebuleni
Riwaya na Nyumba Zetu: Sehemu ya Tatu

Katika sehemu iliyopita tulimwacha Zakaria wa Ukerewe, baba aliyedhani usafi wa binti yake hulindwa kwa kipigo. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku mashuleni, na wengi walioikasirikia walikasirishwa na Rosa, si na Zakaria. Leo tuvuke bahari tuende Unguja, ambako kwenye riwaya ninazotaka kuzisoma kipigo hakihitajiki sana. Wazee huketi sebuleni, mlango ukarudishwa, mmoja akauliza watu watasema nini. Shauri limekwisha.

Riwaya zenyewe ni mbili. Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi ilichapishwa mwaka 1999, na Desertion ya Abdulrazak Gurnah ikafuata mwaka 2005, kwa Kiingereza. Waandishi wote wawili ni wana wa Unguja waliozaliwa miaka ya 1940. Shafi ameandika kwa Kiswahili. Gurnah alihamia Uingereza akiwa kijana, na mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Sijui kama mmoja alimsoma mwenzake alipokuwa akiandika, wala si hoja. Hoja ni kwamba wote wamerudi kwenye miaka ileile, siku za mwisho za Mwingereza visiwani, na wote wameukuta ubaguzi mahali pamoja: ndani ya familia, umevaa nguo za mapenzi.

Tuanze na Yasmin wa Vuta N'kuvute. Ni msichana wa Kihindi mwenye umri wa miaka kumi na mitano, na wazazi wake wamemwoza Bwana Raza, mfanyabiashara anayeweza kuwa baba yake. Hakuna aliyemuuliza. Biashara inapozorota, mume anamhamishia Mombasa, na huko Yasmin anafanya jambo ambalo nyumba yao haikuwa na nafasi nalo: anatoroka na kurudi Unguja. Jamaa zake wanamkataa. Anayempokea ni Mwajuma, mwanamke maskini wa Ng'ambo, anayemgawia chumba chake na chakula chake bila kumdai maelezo.

Hapo Shafi anafanya kitu cha ustadi ambacho wanafunzi wetu, kwa haraka ya mitihani, hukipita. Mji wa Unguja enzi hizo ulikuwa na upande wa mawe na upande wa Ng'ambo, mkono wa bahari ukipita katikati, na kila mtu alijua nani anapaswa kulala wapi. Serikali ya kikoloni iliwaandika watu kwa asili zao kwenye sensa, na wakati wa Vita Kuu ya Pili hata mgao wa chakula ulifuata asili hizo. Basi Yasmin anapoingia chumbani kwa Mwajuma amevuka mpaka ambao dola imeuchora na familia imeulinda. Lakini mwandishi hasemi hivyo. Anatuonyesha wanawake wawili wakipika, wakicheka, wakienda ngomani. Ubaguzi unaonekana mdogo kwa sababu ya mambo madogo haya, na ndiyo maana tunapokumbuka kwamba kwao Yasmin ni sawa na maiti, tunashtuka.

Kisha anakuja Denge, kijana aliyesoma Urusi, anayeingiza machapisho yaliyopigwa marufuku na kuwindwa na Inspekta Wright na Koplo Matata. Yasmin anampenda. Wahakiki wengi wamesimama hapa na kusema: mapenzi yameshinda rangi, na msichana ameingia kwenye harakati. Mimi nasita. Denge ana itikadi. Ameisoma, ameiamini, yuko tayari kufungwa kwa ajili yake. Yasmin ana Denge. Anaingizwa katika mambo ya kina Denge kwa sababu anampenda mtu, na Shafi ni mkweli vya kutosha kutomvika imani ambayo hajaifikia. Mwisho wa riwaya Denge ameshakwenda zake nje, na Yasmin anaolewa na Bukheti, kijana mpole aliyemjua Mombasa. Wapo wanaouona mwisho huo kuwa dhaifu. Kwangu ndio uamuzi wa kwanza wa Yasmin usio na mzee wala chama nyuma yake. Aliyeitazama filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021, iliyotokana na kitabu hiki, asidhani ameshakisoma kitabu.

Sasa Amin. Katika Desertion yeye ni kijana wa familia ya walimu, baba mwalimu, mama mwalimu, watu wa vitabu na maendeleo. Anampenda Jamila, mwanamke aliyeachika. Kuachika peke yake lingekuwa neno, lakini kuna kubwa zaidi. Mwaka 1899, katika mji mdogo wa pwani ya Kenya, mwenye duka aitwaye Hassanali alitoka alfajiri kwenda msikitini kuadhini, akamkuta Mzungu amedondoka, hoi. Akampeleka nyumbani. Mzungu huyo, Martin Pearce, na dada yake Hassanali, Rehana, wakapendana, wakaishi pamoja Mombasa, kisha Pearce akarudi kwao. Rehana akabaki na mtoto wa kike. Jamila ni mjukuu wa Rehana. Nusu karne na zaidi imepita, bahari imevukwa, na bado sebule moja ya Unguja inamhukumu mjukuu kwa kosa la bibi.

Wanaotoa hukumu hiyo si wajinga. Ni wazazi wapole waliosoma, wanaompenda mtoto wao kuliko roho zao. Wanamtaka Amin aahidi kwamba hatamwona tena Jamila, na Amin, mtoto mtiifu, anaahidi. Gurnah hampi msomaji mtu wa kumchukia, na hapo, naona, amemzidi Shafi. Jamaa za Yasmin ni mlango uliofungwa tu. Hatujui usiku ule walilala vipi. Wazazi wa Amin tunawajua, na kwa kuwa tunawajua, hatuna pa kukimbilia.

Msomaji atauliza: dini ilisema nini? Swali zuri, kwani wahusika wa riwaya zote mbili wanaishi mjini ambako adhana inasikika mara tano. Wazee wa pwani hupenda kutaja kufu, yaani kulingana kwa wanaotaka kuoana. Katika fikihi ya Kishafii, inayofuatwa na wengi wa Masunni wa mwambao, kufu ipo na nasaba imo ndani yake. Lakini kufu humpima mwanamume kwa mwanamke, isije binti akashushwa, na ni haki ambayo mwenyewe na walii wake wanaweza kuisamehe. Haimpimi mwanamke kwa mwanamume. Kwa hiyo wazazi wa Amin, hata wangekwenda kwa kadhi, wasingepata mshiko. Wanacholinda ni heshima, ambayo haina kitabu, haina rufaa, na huazima sauti ya dini inapotaka kuogopwa.

Kuna jambo jingine ambalo msomaji wa Unguja wa umri fulani hawezi kulisahau akisoma habari za ndoa na rangi. Mwaka 1970, miaka sita baada ya Mapinduzi, wasichana wanne wenye asili ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu kwa wakubwa wa serikali, na dunia ikapiga kelele. Sababu iliyotolewa ilikuwa kuondoa ubaguzi: waliojitenga kwa damu wachanganywe. Nia iwe ilivyokuwa, aliyeulizwa hakuwa binti. Shafi alipoandika habari za Yasmin, msichana aliyeozwa bila kuulizwa, alikuwa akiwaandikia watu waliokwishaona pande zote mbili zikimnyang'anya msichana kauli, ile iliyofunga mlango na ile iliyouvunja. Riwaya yake inaishia kabla ya Uhuru na haiwataji wasichana wale, lakini sioni namna ya kuisoma leo bila wao kukaa pembeni.

Baadaye Gurnah anampa Amin daftari lake mwenyewe, aseme kwa nafsi yake, na tunagundua kwamba mtu aliyetii hakuacha kupenda wala hakuacha kuwapenda waliomzuia. Imani yake, kama ni imani, ni ya kutowaumiza wazee. Yasmin aliwaumiza akaishi. Ukinibana nichague, nitakwenda na Yasmin, ingawa najua sebule nyingi zitakazonikatalia, mojawapo ikiwa ya kwetu.

Wiki ijayo tutaendelea na Gurnah, safari hii kwa Kiswahili. Tutaisoma Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, na kumtazama Yusuf, mtoto aliyewekwa rehani na baba yake kwa mtu ambaye yeye mtoto aliambiwa amwite mjomba.