Euro 150 ku pompe: nani alikula ile feza?

Baba moja wa Kolwezi, dereva wa benne mu kariere, alitukuta asubui wakati alikuwa anashuka ku poste ya usiku, vumbi ingali ku viatu. Alitosha telefone mufukoni na kutupatia tusome SMS moja tu. Banki yake ilimuandikia kama karte imetumiwa ku stasio ya esanse mu Ufaransa: euro 150. Konti yenyewe ni ya pembeni, anatia mule feza ya mutoto wake mwanaume tu, mwenye anasoma kule na jioni anapelekea watu vifurushi na gari ndogo ya zamani. Karte iko kwa mutoto, SMS zinaingia kwa baba. Mwezi ule alikuwa ametia dola 350, na sehemu kubwa ilikuwa ya kulipa nyumba.

«Mimi mambo ya mafuta niko naijua, njo kazi yangu,» akatuambia. «Tuseme litre moja iko euro 1,80. Euro 150 inafanya litre 83. Tanki ya ile gari yake inabeba litre 45. Ingine aliitia wapi? Mu pipa?»

Hesabu ilikuwa sawa kabisa. Alipiga simu. Mutoto akaapa kama alitia esanse ya euro 20, hata moja zaidi hapana, na akatuma foto ya tiketi. Baba akasema ile tiketi ni ya siku ingine. Kesho yake mutoto akaenda kulipa nyumba na ileile karte: imekataliwa, feza haitoshe. Sasa baba akaona ushahidi umekamilika. Akakata simu, na kwa siku tatu mama njo alikuwa anabeba maneno kutoka kwa huyu kuyapeleka kwa yule, sawa mutu anavuka muto kila saa.

Tunaiandika hapa juu ya jamaa mingi za wachimbaji zenye kuwa na mutoto, ndugu ao shemeki ku Ulaya, na juu hata kati yetu kuko wenye wanasafiri na karte ya banki mufukoni. Mutoto hakusema uongo. Banki pia haikusema uongo, lakini ilisema nusu.

Huku kwetu tunazoea namna ingine ya kulipa, njo maana jambo hili linatupita. Unaingia mu stasio, pompiste anakuuliza ya ngapi, unamujibu, anatia, unalipa feza ya mukono ao M-Pesa. Kwa ba Kadhafi wa kando ya barabara ni rahisi tena zaidi: bidon iko mbele ya macho, bei munapatana. Kila mara, wakati feza inatoka, kila mutu anajua ni ngapi. Na kuko mutu wa kukuangalia. Pompiste njo garanti ya mwenye stasio.

Kule Ulaya stasio mingi haina pompiste, na usiku ingine haina mutu hata moja. Kuko mashini tu. Sasa mashini iko na shida: inapaswa kufungua pompe mbele ya kujua utakamata litre ngapi. Labda utatia ya euro 10, labda utajaza tanki. Ikifungua bure, mwenye karte yenye kubakia na euro 5 anaweza kujaza na kwenda. Basi mashini inauliza banki kwanza: huyu mutu, iko na euro 150? Banki ikijibu ndiyo, inatenga euro 150 pembeni mu konti, inazifungia kama mu sanduku, na pompe inafunguka. Unatia ya euro 20, unarudisha bomba pahali pake. Sasa mashini inatuma ujumbe wa pili: amekamata ya 20. Banki inapaswa kutosha 20 na kufungua sanduku.

Kwa Kifaransa banki wanaita ile kufungia «préautorisation». Mushike ile neno, mutaihitaji ku guichet.

Aplikasio ya telefone haigeuze kitu. Kijana anafika, anachagua namba ya pompe mu telefone, anafinya, pompe inafunguka bila kutosha karte mufukoni. Mutu wa huku anawaza ni sawa M-Pesa: unatuma 20, inaenda 20, mambo imeisha. Hapana. Nyuma ya aplikasio kuko ileile karte, na aplikasio inauliza banki ileile swali. Tena hapa mutego unazidi, juu ku aplikasio kila kitu kinaenda mbio na mutu hasomi maandishi madogo yenye kusema ni ngapi itashikwa.

Ni ngapi inashikwa? Inategemea inchi na stasio. Mu Ufaransa mara mingi ni kati ya euro 100 na 150. Mu Marekani, mwaka wa 2022, wakati bei ya mafuta ilipanda sana, Visa na Mastercard walipandisha kipimo kutoka dola 125 mpaka dola 175. Uingereza nako zamani pompe za karte zilikuwa zinauliza paundi 1 tu, kusudi zione kama karte iko muzima. Mwaka wa 2018 maduka ya Asda yakajaribu kushika paundi 99 ku pompe zao zingine. Watu wakalia, juu banki zingine zilikawia kurudisha, na Asda ikasimamisha ile jaribio. Kisha miaka kidogo kushika mpaka paundi 100 kukarudia na kukaenea. Kwa hiyo musiwaze ni jambo la Waafrika tu ao la karte ya Congo. Waingereza wenyewe waliamuka asubui wakakuta konti zao zimepungua.

Mutu mwenye kuwa na euro 3 000 mu konti hajue hata kama kitu kimepita. 150 imeshikwa, 150 imeachiliwa, yeye analala. Lakini mwenye kubakia na 190, na 170 ni ya nyumba, ile siku anakuwa masikini kabisa, hata kama hakuna mutu alimuibia. Sisi tunaona stasio ziko na haki ya kujilinda. Tunaona pia kama wenye kupanga ile kipimo hawajaishi siku moja na feza ya kuhesabu mpaka mwisho wa mwezi. Wangeandika tu ile namba kwa herufi kubwa juu ya pompe, vita mingi ya nyumbani haingeanza.

Kurudia kwa ile feza njo sehemu yenye kusumbua. Mara ingine inarudia kisha dakika kidogo. Mara ingine ni siku mbili, tatu, ao zaidi. Sababu: kuko mikono mingi kati ya pompe na konti, na wa mwisho ni banki yenye ilitoa karte. Kuko banki zenye kusikia ujumbe wa pili na kufungua sanduku palepale. Kuko zingine zenye kutosha euro 20 na bado kuacha 150 imefungwa mpaka siku zake ziishe zenyewe. Basi kwa zile siku ni kama umelipa 170. Weekend na siku za kupumuzika zinaweza kuongeza kukawia. Na karte ikiwa ya dola lakini pompe ni ya euro, feza inageuzwa mara mbili, mara ya kufungia na mara ya kulipa, na bei ya siku haiko lazima ileile. Usishangae ukikuta tofauti kidogo.

Kitu kingine kinaumiza wengi: kufinya mara ya pili. Pompe imechelewa kufunguka, mutu anawaza haikukubali, anaanza upya. Sasa kuko sanduku mbili zenye kufungwa, 150 na 150. Akienda ku pompe ya tatu, karte inakatala kabisa, na yeye anasema imeharibika.

Basi mutu afanye nini? Njia muzuri kupita zote ni ya zamani: mu stasio yenye kuwa na caisse na mutu, tia kwanza kisha ingia ndani ulipe. Pale bei inajulikana, banki inatosha 20 na hakuna kingine. Ikiwa ni lazima kupita ku aplikasio, uangalie kama inakuruhusu kuchagua mwisho wa feza mbele ya kutia. Zingine zinaruhusu, na ukiandika 30 inaweza kushika 30 tu. Feza ya nyumba isikae ku karte ya esanse. Ile ni shauri tunaitia mbele ya zingine zote, hata kama kufungua konti ya pili kunachokesha. Na tiketi isitupwe, hata ile ya telefone, juu iko na saa, tarehe na bei ya kweli.

Ku ukurasa wa konti, musome neno lenye kufuata ile namba. Ikiandikwa «en attente» ao «en cours», feza imeshikwa lakini haijatoka. Ikiandikwa «débité», imetoka. SMS ya banki, yenyewe, mara mingi haifanye tofauti: inasema karte imetumiwa, inasema ngapi, basi. Feza ikikawia sana, mwenye konti aende ku banki yake na tiketi na aombe wafungue préautorisation. Kwenda kugombana na stasio ya Ulaya ni kupoteza nguvu. Sanduku iko kwa banki ya karte, haiko kwao.

Wale wenye wanapeleka mugonjwa Afrika ya Kusini, ao wenye kukodi gari kule, watakutana na jambo hilohilo ku hoteli na kwa wakodishaji. Tena kule inaweza kushikwa mingi kupita ya esanse, na kwa siku nyingi. Muulize mbele ya kutoa karte.

Tuliporudi kwa yule baba wa Kolwezi, alikuwa amekwisha kwenda ku banki yake. Siku ya tano ile feza ilifunguliwa, na hakuna SMS ilimuambia. Wakati wa kushika, telefone ililia. Wakati wa kuachilia, kimya. Ku guichet waliomba mashini itoshe karatasi ya konti. Alitafuta 150 kutoka juu mpaka chini, hakuiona, juu feza yenye ilifungiwa tu haiandikwe ku ile karatasi. Kulikuwa mustari moja ya stasio: euro 20 yenye kugeuzwa mu dola, na frais ya banki kando yake.

Alitandika SMS na karatasi moja pembeni ya ingine ku kiti ya bus ya kazi, akazitazama. «Yote mbili inatoka ku banki moja,» akasema. «Sasa mimi ningeamini gani?»

Jioni ile alimupigia mutoto. Hakutuambia walisemezana nini, na sisi hatukuuliza. Alituambia tu kama nyumba ililipwa na siku sita ya kuchelewa, na kama mama amepumuzika.