Mtoto Mahututi Hangoji Zamu

Katika hospitali na zahanati za mashambani ni desturi wagonjwa kuketi mabenchini na kuonwa kwa zamu. Desturi hiyo yafaa kwa mtu mzima mwenye maradhi madogo, lakini kwa mtoto mahututi ni hatari kubwa. Watoto wengi wanaofia hospitalini hufa katika muda wa saa 24 tangu kufika, na baadhi yao wangaliokolewa kama hali yao ingalitambuliwa mapema.

Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani lilitunga mafunzo ya kuwapokea watoto wagonjwa, na kitabu chake kilipigwa chapa mwaka 2005. Nchini Kenya yaliongezwa mafundisho juu ya utunzaji wa mtoto aliyelazwa na mtoto mchanga.

Jambo la kwanza linalofundishwa ni kuwagawa watoto katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni wenye dalili za dharura, nao hutibiwa papo hapo. La pili ni wanaostahili kutangulizwa, kama mtoto wa chini ya miezi 2, aliyekonda mno, au aliyeungua vibaya. La tatu ni wanaoweza kungoja. Kazi hii haihitaji daktari. Hata karani au bawabu aweza kufundishwa kuzitambua dalili.

Jambo la pili ni utaratibu wa kumwangalia mtoto. Kwanza njia ya hewa: je, imeziba? Pili, je, anapumua kwa shida? Tatu mzunguko wa damu: je, mikono ni baridi, na ukucha ukibonyezwa huchukua zaidi ya sekunde 3 kurudia rangi yake? Nne, je, amezimia au ana degedege? Mwisho huangaliwa kama ameishiwa maji kwa kuhara. Wanafunzi hufanya mazoezi kwa mwanasesere, wakimpulizia hewa kwa mfuko na kifuniko cha uso mpaka kifua kiinuke, kwa maana mtoto mchanga asiyepumua hana budi kusaidiwa katika dakika ya kwanza.

Tena mazoea peke yake hayatoshi. Zamani mtoto mwenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu aliweza kutiwa maji mengi mshipani kwa haraka. Utafiti uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania, ukatangazwa mwaka 2011, uliwahusu watoto zaidi ya 3,000 wa namna hiyo. Katika saa 48, kati ya kila 100 waliotiwa maji kwa haraka walikufa 10 au 11. Kati ya wasiotiwa hivyo walikufa 7. Ndiyo sababu mganga hana budi kurudia masomo.

Hata hivyo, darasa bila usimamizi halifiki mbali. Kati ya mwaka 2006 na 2008 hospitali 8 za wilaya nchini Kenya zilichunguzwa. Nne kati yake zilipewa mafunzo ya siku 5 na nusu, pamoja na msimamizi na ukaguzi wa mara kwa mara. Nazo ziliwatunza watoto vizuri kuliko zile zilizopewa semina fupi.

Wazazi nao wana sehemu yao. Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, mwenye degedege, au anayelala usingizi usio wa kawaida, asikalishwe benchini kimya. Muuguzi na aitwe mara moja.