Silabi na Mkazo katika Maneno Ambatani: Mifano kutoka Katavi

Makala haya yanachunguza swali moja la fonolojia: maneno mawili yanapoungana kuwa neno ambatani, je, kila moja hubaki na silabi na mkazo wake? Katika Kiholanzi, neno voordeur, yaani mlango wa mbele, huwekwa mkazo katika sehemu ya kwanza, voor. Kiswahili hufanya kinyume chake. Sehemu ya kwanza hupoteza mkazo wake mkuu, nao huangukia silabi ya pili kutoka mwisho wa neno zima. Kwa mfano, mwanasheria hugawanywa mwa-na-she-ri-a, na mkazo uko katika -ri-.

Utata hujitokeza pale sehemu ya pili inapokuwa fupi. Neno nchi likisimama peke yake lina silabi mbili, n-chi, na mkazo huwa juu ya nazali. Sababu ni kwamba nomino ya Kiswahili hudai angalau silabi mbili. Ndani ya mwananchi sharti hilo limekwisha kutimizwa. Hivyo n huungana na chi, tukapata mwa-na-nchi, mkazo ukiwa katika -na-. Mwanamke ni tofauti. Nazali yake ni kiambishi kilichotokana na mu-, nacho hubaki silabi: mwa-na-m-ke, mkazo ukiwa juu ya m hiyo.

Kanuni hii huonekana pia katika majina ya mahali ya Mkoa wa Katavi, ulioanzishwa mwaka 2012. Mpanda ni m-pa-nda. Mpimbwe ni m-pi-mbwe: m ya kwanza ni silabi, ya pili siyo, ingawa mbwa, likiwa peke yake, hugawanywa m-bwa.

Suala hili lina uzito darasani. Watoto wengi wa mkoa huo hujifunza Kiswahili baada ya lugha nyingine, kama vile Kipimbwe, Kibende au Kisukuma. Mwanafunzi aandikaye mwa-na-n-chi hafanyi uzembe. Ameuhamisha ugawaji sahihi wa nchi mahali usipofaa. Kumpa alama ya kosa bila maelezo ni kumfundisha kubahatisha.

Inapendekezwa, basi, mwalimu amwongoze kuuliza maswali mawili: neno zima lina silabi ngapi, na nazali hii imetokana na nini? Akiyajibu hayo, mkazo utajionyesha wenyewe.