Je, Wajua? Kinywa Hukauka Kwanza, Roho Hutulia Baadaye

Je, wajua kuwa dawa za sonona zilianzia kwenye wodi ya kifua kikuu, ugonjwa ambao wachimbaji wa Kolwezi hawahitaji kusimuliwa? Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View mjini New York, wagonjwa wa kifua waliopewa iproniazidi walianza kuchangamka na kula vizuri. Mwaka 1957 Nathan Kline akaripoti kuwa inawasaidia hata watu wenye huzuni isiyoisha. Miaka michache baadaye iliondolewa sokoni Marekani kwa sababu ilidhuru ini.

Je, wajua kuwa mwaka huohuo wa 1957 Roland Kuhn, daktari wa Münsterlingen nchini Uswisi, alitangaza kuwa imipramini husaidia wenye sonona? Ilikuwa imetafutwa kwa ugonjwa mwingine kabisa wa akili.

Je, wajua kuwa huku mkoani Lualaba neno "sonona" halisikiki sana? Mtu husema "niko na mawazo mingi, silali." Na mawazo yana chanzo. Kuanzia mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa kampuni ya madini ya Gécamines waliachishwa kazi katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Wengi wao walikuwa baba wa familia ambao nyumba, shule na hospitali vyote vilitegemea kampuni.

Je, wajua kuwa maudhi ya dawa hizi hutangulia, na nafuu hufuata? Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo wengi hupotea. Amitriptilini, kidonge cha bei nafuu kilichomo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, hukausha kinywa, hufanya choo kiwe kigumu, hutia ukungu machoni na kuleta usingizi mzito. Ukisimama ghafla, kizunguzungu. Hayo yote huweza kuanza siku za kwanza. Nafuu yenyewe huchukua wiki mbili hadi nne, pengine sita. Sasa mfikirie mtu aliyetoa pesa ya bukari kununua vidonge. Siku ya tano ulimi umeshikana na kaakaa kama amemeza vumbi la Septemba, na huzuni iko palepale. Anavitupa. Mimi simlaumu hata kidogo. Namlaumu aliyempa vidonge bila kumweleza, kwa sababu maneno hayo ni ya dakika tano tu: meza usiku, kunywa maji kidogo kidogo, kula sombe na lengalenga kwa wingi, usinyonye pipi za sukari maana kinywa kikavu huozesha meno, vumilia mwezi mmoja, na ukishindwa kukojoa au moyo ukienda mbio, rudi leo hii.

Je, wajua kuwa amitriptilini huweza kupunguza jasho kwa baadhi ya watu? Ndani ya shimo la madini lenye joto na hewa kidogo, mwili usiotoka jasho haupoi. Anayeteremka kwa kamba asubuhi, au anayeendesha pikipiki kuelekea Musonoi, amwambie muuguzi kazi yake kabla ya kupokea dawa.

Je, wajua kuwa glasi ya pombe kali ya lutuku juu ya kidonge hicho huzidisha usingizi na kupunguza uangalifu?

Je, wajua kuwa fluoksetini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987 kwa jina la Prozac, ina maudhi ya namna nyingine? Huleta kichefuchefu, kichwa kuuma, jasho na kukosa usingizi, ndiyo maana humezwa asubuhi. Pia hupunguza hamu ya tendo la ndoa au kulichelewesha. Wanaume wengi huona aibu kulitaja hili, wakaacha dawa kimya kimya, na mke akadhani kuna mwanamke mwingine. Lisemwe waziwazi chumbani kwa daktari, tena mapema. Kipimo hupunguzwa, au dawa hubadilishwa.

Je, wajua kuwa fluoksetini haipatani na tramadoli, ambayo wengi humeza ili mgongo uvumilie kazi? Zikikutana zinaweza kuleta kutetemeka, homa, jasho jingi na kuchanganyikiwa. Hapa kwetu mtu yeyote angesema ni malaria! Linezolidi, dawa ya kifua kikuu sugu, ina hatari hiyohiyo, kwa kuwa hugusa kimeng'enya kilekile kilichoguswa na iproniazidi ya mwaka 1952.

Na malaria yenyewe? Mseto wa artemetheri na lumefantrini haufai kuchanganywa na amitriptilini kwa sababu zote mbili huweza kuvuruga mapigo ya moyo. Usiache kutibu malaria. Taja vidonge vyako ili uchaguliwe dawa inayofaa.

Je, wajua kuwa kuanzia mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo kwenye dawa hizi kuwa watoto na vijana wanaweza kupatwa na mawazo ya kujiua zaidi katika wiki za mwanzo, na mwaka 2007 onyo likafikishwa hadi umri wa miaka 24? Kijana asiachwe peke yake wakati huo. Mama, yaya au jirani ashike pakiti na kumpa kidonge cha siku, kwani amitriptilini nyingi kwa mkupuo huua.

Je, wajua kuwa Lubumbashi, kiasi cha kilomita 300 kutoka Kolwezi, kuna kituo cha magonjwa ya akili cha Joseph Guislain, kinachoendeshwa na Mabruda wa Upendo?

Je, wajua kuwa dawa hizi hazikatwi ghafla? Ukikatiza, huweza kuja kizunguzungu, ndoto kali, na mshtuko kama wa umeme kichwani. Hupunguzwa taratibu, na kwa kawaida baada ya miezi 9 hadi 12 ya kujisikia vizuri.

Je, wajua kuwa mara nyingi si mgonjwa anayeiona nafuu kwanza? Yeye bado anasema hakuna kilichobadilika, ila mkewe ameona kuwa juzi alilala hadi kulipokucha, na jana sahani ya bukari ilirudi jikoni tupu.