Jina Lililotoka Katika Misa

Wajukuu zangu, Jumapili ijayo msikilize vizuri. Padri akifika katikati ya sala ile ndefu, mkate na divai vikiwa mezani, hutaja majina mawili: la Papa aliyeko Roma na la askofu wa jimbo letu. Kaka zenu wakubwa, wale waliopata kipaimara hapa Kindu kabla ya mwaka 2019, walizoea kusikia jina la Willy. Kisha likatoka. Hakufa mtu, wala hakukosana na mtu. Mmoja wenu aliniuliza juzi: basi lilikwenda wapi?

Lilikwenda Goma. Monsenyeri Willy Ngumbi alikuwa askofu wetu tangu mwaka 2007. Mwaka 2019 Papa Fransisko alimpeleka Goma kwa kuwa huko palikuwa na mzee aliyeruhusiwa kupumzika, Monsenyeri Théophile Kaboy. Na mzee huyo si mgeni kwetu Maniema. Kabla ya kwenda Goma alikuwa askofu wa Kasongo, majirani zetu wa kusini, kuanzia mwaka 1995 hadi 2009. Hesabuni vita vilivyopita mkoani humu katika miaka hiyo, mtaelewa kwamba hakukaa kwenye kiti chenye mto laini.

Basi mzee mmoja akaketi kando kule Goma, karibu na volkano, Willy akashika nafasi yake, na kiti cha huku Kindu kikabaki kitupu. Mwaka 2020 ndipo akateuliwa Monsenyeri François Abeli awe askofu wa Kindu. Watu wengi huona askofu mpya tu, kwa sababu yeye ndiye anayepokewa kwa ngoma na vitenge vipya. Mimi leo nataka tumtazame yule anayetoka kwa mlango wa nyuma.

Zamani askofu alikuwa askofu mwenye jimbo mpaka kaburini. Akipofuka, akisahau majina ya mapadri wake, bado fimbo ilikuwa mkononi mwake. Maaskofu wa dunia nzima walipokutana Vatikano, mkutano uliokwisha mwaka 1965, waliona jambo hilo linaumiza jimbo na linamuumiza mzee mwenyewe. Mwaka uliofuata Papa Paulo wa Sita akaweka umri: miaka 75. Askofu akiufikia, anaombwa aandike barua kwa Papa kwamba yuko tayari kuachia. Angalieni neno hilo, anaombwa. Hafukuzwi. Anaandika mwenyewe, kwa mkono wake, kwamba wakati umefika. Nadhani hakuna barua ngumu kuiandika kama hiyo.

Akishaituma, anangoja. Papa anaweza kuipokea mara moja, au kumwambia aendelee kwanza. Monsenyeri Kaboy alizaliwa mwaka 1941. Chukueni kalamu: 75 ilitimia mwaka gani? Mwaka 2016. Na ruhusa ilikuja 2019. Katikati hapo aliendelea kuamka kila siku na mzigo ambao alikwisha kusema yuko tayari kuutua.

Hapa Kindu tunachanganya Kifaransa na Kiswahili, tunasema mtu fulani ameingia retrete. Neno hilo lina kazi mbili. Ni kuacha kazi kwa sababu ya uzee, na pia ni kujitenga siku chache ili kusali. Kwa askofu mstaafu maana zote mbili hukaa katika nyumba moja.

Lakini msimfananishe na babu zenu wa reli. Mtu wa reli akistaafu hurudisha kofia na taa, na kesho yake si mtu wa treni tena. Askofu haachi kuwa askofu. Mafuta aliyopakwa hayafutiki. Pete anayo, msalaba kifuani anao, na akiombwa na mwenye jimbo anaweza kutoa kipaimara, hata kuwawekea mikono mapadri wapya. Anachokiacha ni amri. Hawezi kumhamisha padri kutoka parokia moja kwenda nyingine. Hawezi kufungua shule wala kutia sahihi kwenye fedha za jimbo. Huitwa askofu mstaafu wa jimbo alilotumikia, na sheria ya Kanisa inampa haki ya kubaki na makazi ndani ya jimbo hilohilo akipenda. Nayo inataka atunzwe vema, na wa kwanza kudaiwa utunzaji huo ni jimbo alilolitumikia.

Fikirini sasa. Anaishi katika mji uleule. Watu walewale waliokuwa wakimjia na mashauri wanapita njiani, na baadhi yao wanataka kuingia tena, wamnong'oneze kwamba mpya anaharibu. Afanye nini? Akifungua mdomo, kutakuwa na maaskofu wawili na waamini vipande viwili. Kwa hiyo kazi yake kubwa ya uzee ni kunyamaza mahali ambapo kwa miaka mingi neno lake ndilo lilikuwa la mwisho. Ninyi mnaopigania nani awe kapteni wa timu pale uwanjani mnajua si rahisi.

Nitawaambia habari za mmoja ambaye namheshimu sana, ingawa si wa kwetu. Maurice Otunga alikuwa Mkenya, mtoto wa chifu Sudi Namachanja wa Bungoma. Baba yake alitaka arithi uchifu, yeye akachagua upadri. Aliteuliwa kuwa askofu mwaka 1956, kisha akawa askofu mkuu wa Nairobi, na mwaka 1973 akawa kardinali wa kwanza wa Kenya. Mtu wa namna hiyo akistaafu angeweza kujengewa nyumba kubwa yenye ukuta na bustani. Mwaka 1997 alipoachia Nairobi, alikwenda kukaa Kasarani, katika Nyumba ya Wazee.

Nyumba hiyo ni ya masista wanaoitwa Masista Wadogo wa Maskini. Shirika lao lilianza Ufaransa mwaka 1839, mwanamke aitwaye Jeanne Jugan alipomchukua bibi kizee kipofu na kumlaza kwenye kitanda chake mwenyewe. Mpaka leo masista hao huzunguka wakiomba chakula cha wazee wao sokoni na madukani. Maana yake kardinali aliishi pamoja na wazee wasio na kitu, katika nyumba inayolishwa kwa sadaka. Alifariki Septemba 2003, akiwa na umri wa miaka 80. Mtoto wa chifu aliyekataa kiti akiwa kijana alikiacha kiti cha pili akiwa mzee, na mara zote mbili hakugeuka nyuma.

Wengine huondoka mapema. Huko Bukoba, Tanzania, Gervasius Nkalanga alikuwa askofu, akajiuzulu mwaka 1973 akiwa bado na nguvu zake. Alikwenda Hanga, kwenye monasteri ya Wabenedikto kusini mwa nchi, akawa mmonaki. Yeye aliyekuwa akitoa amri kwa mapadri akajiweka chini ya amri ya mkuu wa monasteri, akafuata kengele kama wenzake wote. Hakufariki hadi mwaka 2015. Miaka arobaini na zaidi! Ninapowaza hayo huona maisha yake ya uaskofu kama dibaji tu ya kitabu.

Na mwaka 2013 hata Papa mwenyewe, Benedikto wa Kumi na Sita, aliacha kiti, akaishi karibu miaka kumi katika nyumba ndogo ya sala ndani ya Vatikano huku mwingine akiongoza. Wazee wengi hapa Kindu waliposikia walishika kichwa. Papa anaachaje? Kwetu chifu haachi. Mimi nilifurahi. Niliona kwamba jambo alilowaomba maaskofu wake hakuliogopa lilipofika kwake.

Hapa kwetu viti vimepokezanwa kwa njia mbalimbali. Askofu wa kwanza wa Kindu, Monsenyeri Fryns, alikuwa mmisionari wa shirika la Roho Mtakatifu, na jimbo lilipopewa hadhi kamili mwaka 1959 yeye ndiye alikuwa kichwa chake. Mwaka 1966 akaingia Mkongo wa kwanza, Albert Onyembo, wa shirika hilohilo, naye akaachia mwaka 1978. Baada yake Paul Mambe alishika kuanzia 1979, zaidi ya miaka ishirini, nchi ikiitwa Zaire na kisha Kongo tena.

Yuko mmoja ambaye uzee wa kustaafu haukumfikia, na siwezi kuzungumza habari hizi nikamruka. Christophe Munzihirwa alikuwa askofu wa Kasongo kabla ya Kaboy, kisha akawa askofu mkuu wa Bukavu. Alipaza sauti kuwatetea wakimbizi na raia wakati wengi walipokuwa wakikimbia. Tarehe 29 Oktoba 1996 askari walimuua njiani, mjini Bukavu. Alikuwa na miaka 70. Ilibaki mitano aandike barua yake. Ndiyo maana nikimwona askofu mzee ameketi kibarazani na rozari, akiwa amesinzia kidogo, siwezi kumcheka. Sisi wa Maniema hatukupata kumwona Munzihirwa akisinzia.

Sasa lile swali la jina. Jina la mstaafu linatoka katika sala ya Misa kwa sababu mahali pale si pa aliyekwisha kuachia fimbo. Haina maana kwamba watu wamekatazwa kumwombea. Na kuna jambo moja zaidi. Sheria ya Kanisa hairuhusu maiti kuzikwa ndani ya kanisa, isipokuwa ya Papa, ya kardinali au ya askofu katika kanisa lake mwenyewe, na hapo inawataja wastaafu nao. Aliyetoka kwa mlango wa nyuma anaweza kurudi kwa ule mkubwa wa mbele, amebebwa.

Bibi yenu mmoja huvuka mto kwa mtumbwi kutoka Alunguli kuja kusali upande huu. Padri akifika pale pa majina, akataja la Papa, akataja la askofu, yule bibi husubiri kidogo. Halafu, polepole, midomo ikicheza, huongeza la tatu: jina la yule aliyempaka mafuta ya kipaimara alipokuwa mdogo kama ninyi. Nimekaa nyuma yake mara nyingi. Hajawahi kulisahau.