Maneno "Kinafaa Gari Lako" Hutoka Wapi?

Mnunuzi anayeagiza kipuri cha gari kwa njia ya mtandao kutoka ng'ambo hukutana, mwishoni mwa utafutaji wake, na maneno machache yanayomtuliza moyo: kwamba kipuri hiki kinafaa gari lake. Kwa kuyaamini maneno hayo hulipa, hungoja wiki kadhaa, na mara nyingine hupokea pedi za breki zisizoingia mahali pake. Hapo yeye humwona muuzaji kuwa tapeli, na muuzaji humwona yeye kuwa asiyelijua gari lake. Aghalabu kosa halimo kwa yeyote kati yao, bali limo katika faili ambalo hakuna aliyelifungua. Tumeona ni vyema kueleza faili hilo ni nini, kwa kuwa mlaji anayelielewa huweza kuuliza swali linalofaa kabla fedha hazijatoka mkononi.

Duka la mtandaoni halijapima gari la mtu. Duka moja la Marekani huuza vipuri vya watengenezaji wengi mno, na wenye duka hawana nafasi ya kukaa na kila kipuri na kukielezea. Kazi hiyo hufanywa na mtengenezaji mwenyewe, ambaye huandaa taarifa za bidhaa zake na kuzituma kwa wauzaji. Zamani kila mmoja aliandika apendavyo: huyu aliandika Chevrolet, yule Chevy, huyu alitoa vipimo kwa inchi, yule kwa milimita. Ili kuondoa vurugu hiyo, wafanyabiashara wa vipuri wa Amerika ya Kaskazini walikubaliana juu ya viwango viwili, ACES na PIES, vinavyosimamiwa na chama chao, Auto Care Association. ACES hueleza kipuri kinaingia katika gari gani. PIES hueleza kipuri chenyewe ni kitu gani.

Viwango vyote viwili huandikwa kwa XML, yaani mpangilio wa maandishi unaoiwezesha kompyuta kusoma bila kubahatisha. Kila taarifa huwekwa kati ya alama mbili, moja ya kufungua na nyingine ya kufunga, na alama hizo hutaja jina la kilichomo: hapa namba ya kipuri, hapa uzito, hapa idadi inayohitajika kwa gari moja. Mtu anaweza kuilinganisha na fomu ya serikali yenye visanduku, isipokuwa hapa kisanduku kimoja kinaweza kubeba visanduku vingine ndani yake. Sehemu ya lazima ikiachwa wazi, programu ya ukaguzi hulikataa faili kabla halijafika dukani. Hata hivyo, ukaguzi huo hutazama umbo la taarifa, hautazami ukweli wake. Kilo 12 zilizoandikwa kimakosa kuwa kilo 2 zitapita bila kuulizwa.

Jambo linalomhusu zaidi msomaji wetu ni namna ACES inavyolitaja gari. Faili halisemi "Toyota" wala "Corolla". Huandika namba, na namba hiyo huchukuliwa kutoka orodha kuu ya magari ambamo kila muungano wa mwaka, kampuni na modeli umepewa namba yake. Injini, aina ya breki na mahali pa kipuri, mbele au nyuma, navyo hutajwa kwa namba. Faida yake ni kubwa, kwa kuwa hakuna tahajia ya kukosewa. Lakini orodha hiyo ilitungwa kwa ajili ya magari ya soko la Amerika ya Kaskazini. Gari lisilouzwa huko halina namba, na gari lisilo na namba haliwezi kutajwa katika faili hata kama kipuri kingeliingia barabara.

Tuchukue gari linaloonekana katika kila mtaa wetu, Toyota IST. Gari hili lilitengenezwa kwa ajili ya Japani, na IST ya kizazi cha kwanza iliuzwa Marekani kwa jina la Scion xA, katika modeli za mwaka 2004 hadi 2006. Mwenye IST akidokezwa siri hiyo huenda dukani mtandaoni, akachagua Scion xA na kuambiwa kwamba plagi au filta inafaa. Je, inafaa? Scion xA ilikuwa na injini ya lita 1.5. IST zilizoingia kwetu ni za lita 1.5 na za lita 1.3 pia, na hiyo ya lita 1.3 haimo katika orodha ya Marekani. Jibu alilopewa ni sahihi kwa Scion xA, ila hakuna aliyeulizwa juu ya gari lake. Mwenye Probox ana shida kubwa zaidi, maana gari hilo halikuuzwa Marekani kwa jina lolote. Akichagua modeli "inayofanana" anabahatisha tu.

Namba ya chesisi nayo huleta utata. Magari ya Marekani, tangu modeli za mwaka 1981, hubeba namba ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 17, na maduka mengi huwa na kisanduku cha kuiingiza. Gari la soko la ndani la Japani halina namba hiyo. Lina namba fupi inayoanza na msimbo wa modeli, kama vile NCP60 au NCP61, na kisanduku cha duka huikataa. Vilevile mwaka wa modeli wa Kimarekani si lazima uwe mwaka wa kutengenezwa: gari lililotoka kiwandani Oktoba 2004 kwa kawaida lingeuzwa huko kama modeli ya 2005.

Pale gari linapokuwamo katika orodha, bado kuna maelezo madogo ya kusomwa. Modeli moja ya mwaka mmoja huweza kuwa na diski za breki za vipimo viwili, na mtengenezaji makini huongeza sharti, kwa mfano kipenyo cha diski au tarehe ya mwisho ya kutengenezwa kwa gari. Baadhi ya maduka huyaweka masharti hayo chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi ndogo. Ni hayo yanayoamua kama pedi zitashika.

Kuna vipuri ambavyo hatushauri kabisa viagizwe kwa kufuata faili la Marekani, navyo ni taa kubwa za mbele. Huko magari hupita kulia, na mwanga wa taa ya chini umepangwa kuelemea kulia. Sisi tunapita kushoto. Taa hiyo ikifungwa hapa, hata ikiingia bila kulazimishwa, humulika macho ya dereva anayekuja. Sehemu za usukani pia zitazamwe kwa uangalifu, kwa kuwa usukani wao uko kushoto.

Kuhusu PIES tutasema kwa ufupi. Humo mna namba ya kipuri, msimbo wa chapa wenye nafasi nne, namba ya msimbopau, vipimo na uzito wa kifungashio, picha, na kipimo cha kuuzia: kimoja, jozi au seti. Kipimo hicho cha mwisho ndicho kinachomkamata mnunuzi asiyesoma, kwa maana picha huonyesha shokapu mbili na bei ikawa ya moja. Uzito na vipimo vya kifungashio navyo ndivyo msingi wa gharama ya usafirishaji kwa ndege.

Ifahamike pia kuwa mtengenezaji akigundua kosa hutuma faili jipya, ama kamili ama la mabadiliko pekee, lenye agizo la kufuta mstari uliokosewa. Duka lisilopakia faili hilo litaendelea kutangaza kosa lilelile. Ndiyo maana maduka mawili yanaweza kutoa majibu mawili juu ya kipuri kimoja. Maduka ya Ulaya, kwa upande wao, hutumia zaidi katalogi ya TecDoc, yenye namba zake za magari. Jibu la upande mmoja halithibitishi la upande mwingine.

Kwa hiyo tunamshauri mnunuzi aanze na gari, wala si na skrini. Apige picha ya kibati cha utambulisho kilichopo kwenye chumba cha injini, penye namba ya chesisi, msimbo wa modeli na injini. Fundi akitoa kipuri cha zamani, isomwe namba iliyochapwa juu yake na vichukuliwe vipimo vyake. Amtumie muuzaji vyote hivyo na kumwuliza kwa maandishi: je, namba hii ya kipuri inafaa msimbo huu wa modeli na injini hii? Swali la "inafaa IST?" halitoshi.

Majibu yahifadhiwe, pamoja na picha ya ukurasa wa duka yenye tarehe. Chini ya sheria yetu ya mauzo ya bidhaa, Sura ya 214, bidhaa inayouzwa kwa maelezo sharti ilingane na maelezo hayo, na picha hiyo ndiyo itakayoonyesha maelezo yalikuwa yapi. Dai hilo ni jepesi kulifuatilia dhidi ya mfanyabiashara wa hapa nchini aliyeagiza na kukuuzia kwa jina lake; dhidi ya duka la ng'ambo, kwa kweli, ni gumu.

Mzigo ukifika, kipuri kipya kilazwe kando ya cha zamani kabla fundi hajakaza hata nati moja. Kilichokwisha kufungwa na kupakwa grisi, wauzaji wengi hawakipokei tena, na boksi lililochanwa huwapa sababu nyingine ya kukataa.